Nani Hufungisha Ndoa? Arusi za Uwanjani katika Nyanda za Juu za Kusini

Kijana wa leo akiulizwa ni nani aliyewafungisha ndoa wazazi wake, atajibu upesi kwa kumtaja mchungaji, padri, sheikh, au afisa wa bomani. Jibu hilo ni sahihi, na cheti kilichohifadhiwa sandukuni kitalithibitisha. Lakini tukimwendea bibi kizee wa Tukuyu au wa Mbozi, tukamwuliza swali hilo hilo juu ya arusi ya mama yake au ya nyanya yake, huenda akatutazama kwa mshangao. Atamtaja mshenga aliyepeleka posa. Atawataja mashangazi waliomfunda binti. Atamtaja mjomba aliyesimama zizini ng'ombe walipohesabiwa. Kisha atataja majirani waliokula na kushuhudia. Jina moja hatatoa, kwa kuwa hakuna mtu mmoja aliyeifungisha ndoa ile. Iliwafungisha jamaa nzima.

Tofauti ya majibu haya mawili ndiyo mada ya insha hii. Tutajaribu kueleza jinsi kazi ya kufungisha ndoa ilivyobadilika katika Nyanda za Juu za Kusini, hasa Mbeya na wilaya zinazoizunguka, tangu siku za ng'ombe na majembe hadi siku za cheti na muhuri. Nia yetu ni kuonyesha kwamba mfungishaji wa ndoa, awe wa dini au wa serikali, amekuja kuongezwa juu ya jambo la kale zaidi, nalo ni mkutano wa jamaa wa pande mbili mbele ya macho ya watu. Mkutano huo ulikuwa ngao ya mwanamke. Hata hivyo, tutaona pia kwamba ngao hiyo ilikuwa na tundu moja, na kwamba tundu hilo halijazibika lote hata leo.

Majira ya arusi

Kwanza tuangalie majira, maana arusi ya uwanjani haitenganiki na hali ya nchi. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima inayouzunguka inapanda zaidi ya hapo: Mlima Rungwe peke yake unakaribia mita 2,960. Mvua za huku huanza mnamo Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Na katika Wilaya ya Rungwe, upande unaoelekea Ziwa Nyasa, mvua ni nyingi kuliko karibu mahali pengine pote nchini. Katika miezi hiyo njia huteleza, mito hujaa, na jembe haliachi mkono. Hakuna mwenye akili atakayeita jamaa wa vijiji kumi wakae uwanjani siku kutwa.

Lakini ifikapo Juni mambo hugeuka. Mbingu hutakata. Mahindi huvunwa, kahawa huchumwa, migomba haikosi mikungu, na ulezi wa pombe umo ghalani. Wazungu huziita Juni, Julai na Agosti miezi ya joto, na huko kwao arusi za bustanini hufanyika katika majira hayo hayo. Kwetu miezi hiyo ni ya baridi kali. Katika uwanda wa Kitulo umande huganda alfajiri ukawa mweupe kama chumvi, na huko Uporoto mzee haonekani nje bila blanketi begani. Watu hungoja jua lipande, umande ukauke, ndipo shughuli ianze. Basi arusi zetu hukaa nje kwa sababu ya ukavu na nafasi, wala si kwa sababu ya joto. Nyumba ya mkulima haiwezi kuwaingiza wakwe wa pande mbili na kijiji kizima, uwanja unaweza.

Ndoa kabla ya mfungishaji

Miongoni mwa Wanyakyusa, Wasafwa, Wanyiha, Wakinga, Wahehe na makabila mengine ya nyanda hizi, desturi za ndoa zilitofautiana katika mambo mengi, lakini zilipatana katika jambo moja kubwa: ndoa ilikuwa mapatano ya koo mbili, na ilipita hatua kwa hatua. Kulikuwa na mshenga, mtu wa busara na wa ulimi mtamu, aliyetumwa ili wakubwa wasiaibishane ana kwa ana posa ikikataliwa. Kulikuwa na mahari. Sehemu nyingine mahari ilikuwa majembe ya chuma, na wahunzi wa Ukinga walisifika kwa majembe yao, wakayauza hata kwa Wanyakyusa walioko chini ya milima yao. Kwa Wanyakyusa wenyewe heshima ya ndoa ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe walipohama kutoka zizi la baba wa kijana kwenda zizi la baba wa binti, walipita njiani mchana, kila mtu akawaona. Kumbukumbu ya ndoa iliandikwa hivyo: haikuwa na wino, lakini ilisomwa na wengi.

Msomaji asifikiri kwamba mambo hayo yalikuwa ya fujo au ya papo kwa hapo. Bibi Monica Wilson na mumewe Godfrey Wilson, wataalamu wa elimu ya jamii waliokaa Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, wameandika kwa kirefu juu ya mpangilio wa maisha ya watu hao. Wanyakyusa walikuwa na jambo ambalo ni nadra ulimwenguni: vijiji vya rika. Wavulana walipofikia umri wa kuchunga waliondoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja, na baadaye wakaoa na kukaa huko huko na rika lao. Fadhila iliyotukuzwa katika vijiji hivyo iliitwa ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa furaha na ukarimu, kula pamoja, kuzungumza pamoja. Msichana naye alipokaribia kuolewa alipitia ubunyago, neno ambalo msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba ni ndugu wa unyago. Aliwekwa ndani pamoja na wasichana wenzake, akafundwa na wanawake wazima, na mafundo hayo yalikuwa sehemu ya kuolewa kwenyewe.

Kulikuwa pia na mwiko wa ukwe unaoitwa ingamwana. Mke hakumtazama baba mkwe wake usoni, hakukutana naye njiani, wala hakulitamka jina lake. Hata maneno ya kawaida yaliyofanana na jina hilo aliyakwepa na kutafuta mengine badala yake. Bibi Wilson alionyesha kwamba vijiji vya rika vilisaidia kuutunza mwiko huu, kwa kuwa baba na mwana aliyeoa hawakukaa kijiji kimoja. Tumeutaja mwiko huu kwa makusudi. Unatuonyesha kwamba mkutano wa jamaa haukuwa mkusanyiko wa watu tu. Kila mtu alikuwa na mahali pake, na umbali wenyewe kati ya mtu na mtu ulikuwa lugha ya heshima.

Mwanamke asiye na jamaa

Ili tuelewe thamani ya mkutano huo, yatupasa tumtazame mwanamke aliyeukosa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ilisumbuliwa na vita, utekaji na biashara ya watumwa. Watoto wa kike walichukuliwa mbali na kwao, wakapita kutoka mkono hadi mkono. Bibi Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoraviani aliyeishi Utengule katika Usafwa, aliandika habari za maisha ya baadhi ya wanawake hao kama walivyomsimulia. Wawili kati yao, Narwimba na Chisi, wamejulikana kwa wanahistoria tangu Bibi Marcia Wright alipozichambua habari zao upya katika miaka ya 1970.

Chisi alitekwa angali mtoto. Narwimba alifiwa na mumewe katika wakati wa hatari, na yeye mwenyewe akamwomba jamaa wa marehemu amrithi, apate mtu wa kumkinga yeye na watoto wake. Tuyatafakari maneno hayo. Kwa mwanamke wa siku zile ndoa ilikuwa kinga, na kinga hiyo ilitokana na kuwa na watu: baba wa kupokea mahari, kaka wa kuidai haki yake, mjomba wa kuuliza kwa nini amepigwa. Mwanamke aliyetekwa na kupewa mtu awe mke wake alipika, alilima na kuzaa kama wake wengine, lakini hakuna ng'ombe aliyehama kwa ajili yake wala mshenga aliyetumwa. Hakuna aliyesimama uwanjani siku ile. Basi siku alipofukuzwa au kuuzwa tena, hapakuwa na mtu wa kusema, "Huyu ni binti yetu."

Wako wanaosema kwamba mahari na vikao vya jamaa vilikuwa biashara ya kumnunua mwanamke. Historia ya wanawake hawa inatufundisha kuwa waangalifu zaidi. Aliyenunuliwa kweli alijua tofauti yake na aliyeolewa, na tofauti hiyo ilikuwa ni jamaa waliokuwapo.

Mchungaji uwanjani

Mwaka 1891 wamisionari wa makundi mawili ya Kijerumani waliingia nchi hii kwa njia ya Ziwa Nyasa: Wamoraviani, waliojenga Rungwe, na Walutheri wa Misheni ya Berlin, waliojenga jirani nao. Pamoja nao aliingia mtu mpya katika historia ya ndoa zetu, yaani mtu mmoja aliyesimama mbele ya wawili, akatamka maneno, na kwa maneno hayo watu wakahesabiwa kuwa mume na mke.

Badiliko hili lilikuwa kubwa kwa njia tatu. Kwanza, ndoa iliyokuwa ikipita hatua kwa hatua kwa miezi na miaka sasa ilipewa siku moja na saa moja. Pili, ilihamishwa kutoka uwanjani kwenda ndani ya jengo, mbele ya usharika, watu ambao huenda si wa ukoo. Tatu, misheni zilishikilia ndoa ya mke mmoja, na jambo hili liliwatenga na ubatizo wanaume wengi wenye wake zaidi ya mmoja na kuwatia wake hao katika mashaka.

Lakini tusidhani kwamba desturi ilikunja mkeka na kuondoka. Wakristo waliendelea kutuma washenga na kutoa ng'ombe. Baada ya ibada bwana arusi na bibi arusi walirudi uwanjani, na huko ndiko wazee walikosemea maneno yao. Katika vijiji vingi ambako kanisa lilikuwa mbali au dogo, mchungaji mwenyewe alifuata uwanja. Hadi leo, katika miezi ya kiangazi, mtu akipita Rungwe, Busokelo au Mbozi siku ya Jumamosi ataikuta hali hiyo: turubai limefungwa kati ya migomba, mabenchi ya shule yamepangwa, meza imefunikwa kitambaa cheupe, na mchungaji anasimama penye kivuli akiwa na kitabu mkononi.

Mara nyingi hatakuwa amekuja peke yake. Mfungishaji huja na mkewe na watoto, na kila mmoja ana kazi yake, ingawa haikuandikwa popote. Mama mchungaji hupokewa na wanawake, akaingia wanakopikia mbalaga, akafunga kanga kiunoni, na kabla ya ibada akaitwa ndani kuzungumza na bibi arusi. Watoto wake hucheza na watoto wa mwenyeji. Kwa njia hiyo mgeni aliyekuja na sheria ya kanisa mkononi huwa naye ni jamaa miongoni mwa jamaa. Amekula kwao, nao watamjia siku ndoa itakapoyumba. Wanakijiji husema "ndaga fijo" kwa mkewe kwa moyo ule ule wanaomshukuru mume.

Kwa upande wa Waislamu, nao wa siku nyingi katika miji ya nyanda hizi, nikahi ina utaratibu wake: walii wa binti, mashahidi wawili na mahari. Kwa desturi iliyoenea bibi arusi hukaa ndani, na mwenye kuozesha hutaka kwanza ridhaa yake kabla ya kumwozesha kwa mume aliyeko nje na wanaume. Tunalitaja jambo hili kwa sababu swali linaloulizwa mlangoni pa chumba kile ndilo tutakalolirudia hivi punde.

Bomani

Serikali ya kikoloni, ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, ilileta mfungishaji wa tatu, naye ni afisa wa boma. Hata hivyo kwa miaka mingi wananchi wa kawaida walimjua zaidi kama mwamuzi wa kesi. Mabaraza ya wenyeji katika Wilaya ya Rungwe yalishughulika sana na mashauri ya ndoa na ng'ombe wa mahari. Vijana walikwenda kutafuta fedha katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, yaliyoshamiri katika miaka ya 1930, na wengine wakavuka mpaka kwenda migodi ya kusini. Mwenye mshahara aliweza kupata ng'ombe wake bila kumngoja baba. Mahari ikapanda, ndoa zikavunjika, na ng'ombe wakadaiwa warudishwe. Nani angethibitisha ni ng'ombe wangapi waliotolewa? Ni wale wale waliokaa uwanjani. Shahidi wa arusi akawa shahidi wa kesi.

Hadi uhuru ulipopatikana mwaka 1961 nchi yetu haikuwa na sheria moja ya ndoa. Mkristo alikuwa na sheria yake, Mwislamu yake, Mhindu yake, na anayefuata mila yake. Mwaka 1969 Serikali ilitoa Waraka Na. 1 wenye mapendekezo ya sheria moja, ukajadiliwa na wananchi. Mjadala ulikuwa mkali, hasa juu ya mke kuwa na haki ya kupinga mumewe asioe mke mwingine. Hatimaye Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya mwaka 1971, ilipitishwa na Bunge na kuanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Mei 1971.

Sheria na uwanja

Ni vizuri walimu na wanafunzi waelewe kile ambacho Sheria hii ilikifanya na kile ambacho haikukifanya. Haikufuta njia za kale. Ilikubali kwamba ndoa inaweza kufungwa kiserikali, yaani bomani kama wanavyosema wananchi, au kwa taratibu za dini, au kwa mila. Viongozi wa dini walitakiwa wawe na leseni ya kufungisha. Nia ya kuoana ilitakiwa itangazwe siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi apate kusema. Kila ndoa ilitakiwa iwe na mashahidi wasiopungua wawili. Waliooana kimila walipewa siku 30 za kwenda kuiandikisha ndoa yao.

Mtu akitazama vizuri ataona kwamba Sheria iliuchukua uwanja wa zamani na kuutia katika vifungu. Tangazo la siku 21 ni kazi ya mshenga na ya midomo ya majirani. Mashahidi wawili ni wawakilishi wa halaiki iliyokuwa ikikaa chini ya mti. Hata pale ambapo hakuna cheti kabisa, kifungu cha 160 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na wakajulikana kwa watu kuwa mume na mke, itachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitike vingine. Wakajulikana kwa watu: hilo ni neno la uwanjani lililoingia mahakamani. Aidha, Sheria ilisema kwamba ndoa iliyotimiza masharti mengine haibatiliki kwa sababu tu mahari haikumalizwa, wala kwa sababu haikuandikishwa.

Kuna watu waliolisikia neno hilo la mwisho wakadhani kwamba cheti hakina maana. Hilo ni kosa, na wanaolilipia mara nyingi ni wanawake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyopatikana katika ndoa. Ni uamuzi mkubwa. Lakini ili mwanamke afaidike nao, yampasa kwanza aonekane kuwa ni mke. Aliye na cheti hukitoa kwenye mkoba. Asiye nacho huanza kuwatafuta watu wa uwanjani: mshenga amefariki, shangazi amehamia Chunya, majirani wametawanyika. Kumbukumbu ya watu ni hazina, lakini hazina hiyo huzeeka na kufa. Uwanja na cheti havigombani; kila kimoja humlinda mwanamke pale ambapo kingine hakifiki.

Tundu katika ngao

Sasa tufike kwenye tundu tulilolitaja mwanzoni. Wahenga walisema, "Penye wazee haliharibiki neno." Je, neno la nani? Katika vikao vingi vya zamani wazee walisema, washenga walijibu, ng'ombe walihesabiwa, na binti alikuwa ndani ya nyumba. Macho yake yaliyoinama yalichukuliwa kuwa adabu, na kimya chake kikachukuliwa kuwa ndiyo. Wako waliokuwa wakikubali kwa moyo, na wazazi wengi walimpima binti yao kwa busara kabla ya kupokea chochote. Lakini wako pia waliolia ndani wakati nje kunapigwa vigelegele, na halaiki ile ile iliyopaswa kuwa ngao yao ikawa ukuta. Ni vigumu kwa mtoto wa miaka kumi na minne kusema hapana mbele ya ng'ombe waliokwisha fungwa zizini mwa baba yake.

Sheria ya mwaka 1971 iliweka kwamba ndoa haiwi ndoa pasipo hiari ya pande zote mbili. Hapo mfungishaji alipewa kazi ambayo mkutano wa jamaa haukuwa nayo, yaani kumwuliza binti mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu, na kungoja jibu. Lakini Sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, hali mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Ndugu Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo na kuitaka Serikali irekebishe Sheria. Katika mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Wanafunzi wanaosoma insha hii wajue kwamba jambo hili linawahusu wao wenyewe.

Hata hivyo, vifungu pekee havitoshi. Swali la ridhaa laweza kuulizwa kama mtu anayesoma orodha ya mahudhurio, na jibu likatoka kabla swali halijaisha. Mfungishaji mwenye hekima huanza kazi yake kabla ya siku ya arusi. Hukaa na binti mahali ambapo baba hasikii. Hapa tena twaona faida ya kuja na jamaa yake: binti aliyelelewa asimkabili mwanamume wa makamo kwa maneno hatamfungulia mchungaji wala afisa moyo wake, lakini huenda akamfungulia mkewe jikoni, mikono yao ikimenya ndizi. Neno moja linalosemwa kule lina uzito kuliko "ndiyo" kumi za uwanjani, na mfungishaji akilipata neno hilo ni wajibu wake kusimamisha shughuli, hata kama sufuria zimekwisha injikwa na wageni wamefika kutoka Iringa na Dar es Salaam.

Hitimisho

Tumeona basi kwamba katika Nyanda za Juu za Kusini ndoa ilifungishwa kwanza na jamaa, wakiwa nje, mchana, katika majira ya ukavu. Tumeona pia jinsi mwanamke aliyekosa jamaa hao, kama wale waliosimulia habari zao kule Utengule, alivyokosa kinga. Mchungaji, sheikh na afisa wa boma walikuja baadaye. Walileta siku moja badala ya hatua nyingi, wakaleta wino, na wakaleta swali la ridhaa.

Utamaduni wa taifa haujengwi kwa kuchagua moja na kutupa jingine. Leo arusi zetu zina kamati, michango, magari yaliyopambwa na vipaza sauti, na mara nyingine gharama zake huwaacha maarusi na madeni. Tukiulizwa ni nini katika hayo kinachostahili kurithishwa, tutajibu kwamba ni mambo matatu. Jamaa wa pande mbili wawepo na waonekane. Cheti kiandikwe siku hiyo hiyo, na mke apate nakala yake. Na binti aulizwe mapema, aulizwe faraghani, kisha aulizwe tena hadharani na mtu aliye tayari kulipokea jibu lolote.

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi nyepesi wakati wa likizo ya Juni, majira ya arusi: kila mmoja amwulize bibi au babu yake ni nani aliyekuwapo siku alipooana, nani alisema nini, na kama yeye mwenyewe aliulizwa. Majibu yaandikwe na kuhifadhiwa shuleni. Wazee wanaokumbuka ndoa za kabla ya cheti wanapungua kila mwaka, nao wakiondoka, ushahidi wa uwanjani utaondoka pamoja nao.